Tulivyomzika Simiyu wa Filamu

Watu huniuliza kama bado naandika na Barasa. Siandiki naye. Wakiniuliza kisa na maana, huwaambia tulikosana juu ya onyesho la mwisho, na huo si uongo.

Kama umewahi kwenda mazishini upande wa Bungoma siku ya Jumamosi, huenda umemwona Barasa. Ni yule jamaa wa kofia iliyogeuzwa nyuma, kamera begani, anayewasukuma waombolezaji kwa kiwiko ili alipate jeneza vizuri. Kupiga picha za mazishi ndiyo kazi yake. Yangu ni kuziandikia shule michezo ya kuigiza ya mashindano, na mwalimu mkuu akishabeba kombe hujitia hamnazo kuhusu aliyeandika. Tulikutana Tongaren, kwenye mazishi ya shangazi ya rafiki yangu, tukabishana kama binti wa marehemu alikuwa analia kweli au analilia kamera. Barasa alisema analilia kamera. Nikamuuliza amejuaje.

“Aliangalia kwanza kama taa nyekundu imewaka,” akasema.

Hapo nikajua nimepata mtu wa kuandika naye.

Tuliamua kutengeneza filamu ya bei ya chini kabisa, maana bei nyingine hatukuwa nayo. Boma moja, waigizaji wachache, kamera zake za mazishi. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuja kwetu Tuwan, mjini Kitale, na mama yangu akamwekea chai huku akishangaa hii ni kazi gani inayofanywa kwa kuzungukazunguka sebuleni. Kwa sababu Barasa hakuandika hata neno. Alitembea kati ya kochi na kabati la vyombo akisema maneno ya kila mtu, sauti ya mzee, sauti ya polisi, sauti ya mke, nami nikiandika. Kisha mimi nasimama nasema, yeye anaketi kusikiliza na kutikisa kichwa kwa dharau.

Sheria yetu ilikuwa moja tu, na ilitoka kwake: hakuna kuandika mtu unayemjua. Unayemjua utamwonea huruma, utamfanya mtakatifu, na mtazamaji atalala. Kwa hiyo mwalimu wa kwenye hadithi alikuwa wa Barasa, kwa vile mimi nimeishi na walimu. Na yule mama wa Kibukusu anayemngoja mwanawe akaniangukia mimi, binti wa Wakikuyu wa Trans-Nzoia, ambaye Kibukusu changu kinaishia kwenye salamu.

Hadithi ilikuwa hivi. Kijana anayeitwa Simiyu amepotea, miaka imepita, hakuna simu wala maiti. Kwa Wabukusu kuna njia ya kuyamaliza mambo kama hayo. Unakatwa mgomba, unavishwa nguo za aliyepotea, jina lake linaitwa mbele ya watu, kisha unazikwa kaburini kama mtu. Hapo basi amekufa, na walio hai wanaendelea na maisha. Mamake Simiyu anakataa. Hadithi yote ni huko kukataa kwake.

Barasa aliponieleza habari ya mgomba nilipiga meza kwa furaha. Nasema furaha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwetu hatuna kitu kama hicho, na mwandishi akinusa kitu kigeni anakuwa kama mbwa aliyepita karibu na bucha.

“Asubuhi huyu mama anafanya nini?” nilimuuliza.

“Anafagia nyumba ya Simiyu.”

“Kila siku?”

“Kila siku. Halafu anamuwekea maji ya kuoga kwa beseni. Jioni hayo maji anamwagilia sukuma wiki.”

“Na mwisho wa mwezi?”

“Anaenda mochari. Ya Kitale, ya Webuye, ya Bungoma. Walinzi wanamjua. Wanamwambia, mama, leo hayuko.”

“Barasa, wewe una kichwa!” nilimwambia, na nilimaanisha. Aligeuka akaangalia vikombe vya mama kwenye kabati, kwa muda mrefu kuliko vikombe vile vinavyostahili.

Onyesho la mwisho niliandika mimi peke yangu. Mazishi yamekwisha, watu wametawanyika, mama ameketi kwenye jiwe akilitazama geti. Geti linafunguka. Simiyu anaingia na begi mkononi, anamwita mama yake kwa Kibukusu, “Mayi, nimerudi,” na filamu inaisha. Nilimsomea Barasa nikijisifu moyoni.

“Watu hawarudi, Waithera,” akasema.

“Kwa filamu wanarudi. Mtazamaji amelia saa nzima, lazima umpe kitu aende nacho nyumbani.”

Alisukuma kikombe chake kando. Kisha akasema, “Sawa. Wacha ikae.” Nilishangaa ameshindwa upesi hivyo, maana Barasa hubisha hata juu ya koma. Lakini mtu akikubali hoja yako humwulizi mara mbili. Jumapili iliyofuata alikuja amechangamka. Mahali pa kupigia picha pamepatikana, kwao Ndalu, bure. Waombolezaji ni majirani na watu wa kanisa, bure. Na mama wa Simiyu atachezwa na mama yake mzazi.

“Amewahi kuigiza?”

“Kanisani, Krismasi.”

“Anaijua hadithi?”

“Nilimsomea yote. Alikataa kabisa. Halafu nikamsomea ile sini yako ya mwisho, akasema sawa.”

Nilivimba kichwa siku hiyo. Ningejua nilikuwa ninapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, chai ya mama yangu asingeimaliza.

Tulifika Ndalu asubuhi, mimi na Nderitu, mrekodi sauti wetu. Mahindi yalikuwa yamevunwa, mabua yamesimama makavu mashambani, na boma la akina Barasa lilikuwa limejaa watu na viti vya plastiki kabla hata hatujashusha vifaa. Mama Agneta alinijia akiwa amenyoosha mikono yote miwili. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, miguu imevimba vifundoni.

“Kalibu, mwarimu,” akasema bila kuniachia mkono. “Ni wewe uliandika arudi?”

“Ni mimi, Mama.”

“Asante. Asante sana.”

Kisha akachukua ufagio, akaenda kwenye kijumba cha matope kilicho kando ya nyumba kubwa, akaanza kufagia mlangoni. Beseni la maji lilikuwa tayari pale nje. Niliingia jikoni kuomba chai, nikamkuta mwanamke wa umri wangu amezama kwenye mawazo yake, mwiko mkononi, sufuria inafurika haoni. Aliniambia anaitwa Phelista. Nikajitia ucheshi.

“Barasa amemfundisha mama vizuri. Naona anafanya mazoezi ya kufagia.”

Phelista alinitazama kama mtu aliyetukanwa. “Mazoezi gani? Hiyo ni nyumba ya bwanangu.”

“Bwanako ni nani?”

“Ian. Ndugu ya Barasa. Si alikwambia? Alienda Kitale kupakia mahindi, akapanda lori ya kwenda Lodwar. Hiyo ni mwaka wa tatu sasa.”

Nilikuwa nimemjua Barasa mwaka mzima. Aliwahi kuniambia ana ndugu, na kwamba yuko safarini.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kando ya migomba, akipima mwanga. Vijana wa kanisa walikuwa wanachimba kaburi na lilikuwa limeshapita kiuno. Nikawaambia kwa filamu hapo panatosha, kamera haioni chini. Walinitazama tu, wakaendelea kuchimba. Hapo ndipo damu ilipochemka kweli.

“Ulivunja sheria,” nilimwambia Barasa.

“Sikuvunja. Sheria inasema usiandike mtu unamjua. Mimi sikuandika.” Hakuwa na ujeuri usoni, na hiyo ilinikera zaidi. “Uliandika wewe.”

“Hii ni mazishi kamili! Hawa wazee wote, hili shimo...”

“Ni kamili. Sikiza kwanza, Waithera. Umeona miguu yake? Anatembea mochari tatu kila mwezi na hiyo miguu. Juzi mtu alimpigia simu ati Ian ako Lodwar, mgonjwa, atume pesa. Akauza ng'ombe, ikaenda. Hakuna Ian. Phelista ni msichana mdogo, anaogopa hata kucheka hapa. Wazee walikubali kitambo tuzike, lakini bila mama kutupa udongo wa kwanza hakuna kitu. Akitupa, imeisha. Atalia, atalala, ataamka. Mimi nashinda kwa matanga ya watu, naona. Wenye wamezika wanapona.”

“Kwa hivyo unamhadaa mama yako mzazi.”

“Namtoa kwa barabara, bana,” akasema, na macho yakamjaa. “Nimechoka kujiuliza kila mochari nikipiga picha kama ndugu yangu ako ndani.”

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Agneta. Nilikuwa nimepiga moyo konde: nitamwambia ukweli, tufunge vifaa, turudi Kitale.

Alikuwa ameketi kitandani mwa Ian, kanga mbili zimekunjwa mapajani. Nikaanza kumweleza, nikijikwaa kwenye maneno yangu mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanikatiza.

“Mwarimu, unadhani mimi ni mjinga? Shati ile wamevalisha mgomba, mimi ndiye nilinunua. Na Wanjala amekuja.” Wanjala ni kaka mkubwa wa marehemu mumewe, ndiye msemaji wa ukoo. “Wanjala hatoki kwake kuja kucheza. Najua wanataka nini.”

“Basi mbona umekubali, Mama?”

“Kwa sababu ya vile uliandika. Wanamzika, wanaenda, halafu yeye anaingia.” Alinyoosha ile kanga juu ya goti. “Nimeomba kanisani. Nimefunga kula. Nimeenda kule kwa baridi nikafunua watoto wa wenyewe. Nimetuma pesa kwa wale wa simu. Hii ndiyo sijajaribu.”

“Lakini ni hadithi. Niliitunga tu, nikiwa nimeketi kwetu.”

“Najua ni hadithi, si nimesomewa? Mimi nakuomba kitu moja. Hiyo ya kuzika nitafanya vile mnataka. Lakini mfike mwisho. Usiache katikati ati jua limeingia. Utafika mwisho?”

Nikamwambia tutafika.

Tukapiga picha. Mimi ndiye mwongozaji, kwa hiyo mimi ndiye niliyesema “anza,” na baada ya hapo hakuna aliyenihitaji tena. Mgomba ulitolewa nyumbani ukiwa umelazwa kwenye jeneza la mbao nyembamba, umevishwa suruali ya kijivu na shati la mistari, umefunikwa blanketi. Wanawake walitangulia kulia. Nilizoea machozi ya watoto wa shule wanaojipaka mate chini ya macho, na nilizoea kejeli za Barasa kuhusu taa nyekundu. Siku hiyo hakuna hata mmoja aliyeiangalia kamera. Phelista alilia akiwa amejikunja kama mwenye tumbo la kuuma, mpaka akashikwa.

Skripti ilisema mzee ataita, “Simiyu!” Wanjala alisimama kwenye ukingo wa kaburi, akavua kofia, akaita, “Ian Wafula!” Akaita tena. Akasema, tumekungoja, tumekutafuta, leo tunakulaza kwenu, usituulize tena. Nderitu alinitazama, vifaa vya kusikilizia vikiwa masikioni, akingoja nimkatize mzee kwa kukosea jina. Nilitikisa kichwa. Barasa alikuwa nyuma ya kamera kubwa, jicho kwenye kioo, mabega yakitikisika, na hakuiacha kamera isogee hata kidogo.

Mama Agneta akaja. Hakulia. Alichota udongo, akausagasaga katikati ya viganja kama anayechambua mawe kwenye mchele, akautupa. Tuliusikia ukigonga mbao. Sauti ya pumzi ilipita kwa watu wote, na baada ya hapo majembe yakaanza. Walijaza shimo mpaka kikabaki kichuguu, wakapanga mawe, wakaimba. Wazee walianza kupeana mikono. Kazi ilikuwa imekwisha.

Yeye alikuwa ameshaenda kwenye jiwe la kufulia, palepale nilipomwekea alama ya chaki. Akaketi, akajifunga kanga ya pili mabegani kama skripti inavyosema, akaligeukia geti.

“Mwarimu,” aliniita. “Mimi niko tayari.”

Mtu wa kucheza Simiyu alikuwa Gathii, kijana wa Kipsongo anayebeba mizigo sokoni Kitale. Tulimchagua kwa sababu ana uso wa mtu aliyetoka mbali. Nilikuwa nimedhani atakuja na pikipiki. Nikamuuliza Barasa yuko wapi.

“Sikumwita.”

“Hukumwita leo, ama hukumwita kabisa?”

“Kabisa. Nilikubali uandike, Waithera. Sikukubali tupige. Ukimuonyesha mtu anaingia hapo, umefukua kila kitu. Kesho ataamka na ufagio.”

“Nilimwahidi!”

“Haukuwa na ruhusa.”

Nilimwita majina ambayo mama yangu hajui ninayajua. Kisha nikamwambia Nderitu achukue lile begi la vifaa, atoke nje, aingie. Nderitu ni mtu wa kusaidia, alilichukua. Wanjala akamzibia njia kwa bakora, bila hasira.

“Kijana, wewe si wa huku kwa hivyo hujui. Mtu tumezika sasa hivi. Ukiingia hapo kwa jina lake, yeye anabaki nje, na kile kilimchukua kinakujua wewe.”

Nderitu akaliweka begi chini, akaniinulia mkono: samahani, dada. Niliwageukia vijana wa kanisa. Mmoja mmoja wakakumbuka ng'ombe wao hawajakamuliwa. Boma likaanza kubaki viti vitupu.

“Mwarimu,” mama akaita tena. Hakugeuza kichwa, alijua tumemwambia asigeuze. “Jua linaenda.”

Nilichukua kamera ndogo, nikaiweka nyuma ya bega lake, nikaielekeza kwenye geti. Lilikuwa geti la mabati, limepakwa rangi ya buluu, na nje yake barabara ya vumbi ya kwenda sokoni. Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

“Anza,” nikasema.

Aliketi wima. Niliona sikio lake, na shingo, na mshipa wa shingo ukicheza. Pikipiki ilikuja kwa mbali, akajiinua kidogo kwenye jiwe. Ikapita. Akaketi. Mbuzi wa jirani akachungulia, akaondoka. Kila kitu kilichopita nje ya geti lile kilimpitia yeye mwilini, na mimi nikikiona kupitia kioo.

“Waithera, sema kata,” Barasa alininong'oneza.

“Sema wewe.”

Hakusema. Alikuwa amefunika mdomo kwa kofia yake. Kwa kazi yote aliyofanya ya kupiga picha za vilio vya watu, mama yake mwenyewe hakuweza kumtazama. Mimi pia sikuweza kusema neno lile. Nilikuwa nimeahidi kufika mwisho, na mwisho haukuwepo.

Kisha nikamwona Barasa anainama. Alilichukua lile begi. Wanjala aliita jina lake kwa ukali, akapita kama hasikii, akazunguka nyuma ya nyumba kupitia ua wa lantana. Kwa kitambo geti likabaki tupu. Halafu mabati yakalia, likafunguka, naye akaingia akiwa kichwa wazi, begi mkononi, akitembea polepole kama nilivyoandika. Wanasema walifanana sana, yeye na Ian. Akasimama hatua chache kutoka kwenye jiwe.

“Mayi,” akasema. “Nimerudi.”

Mama Agneta alimtazama kutoka utosini hadi kwenye viatu. Hakukasirika, wala sauti haikupanda.

“Barasa,” akasema, “toka hapo kwa geti. Unamfungia ndugu yako njia.”